Zamu ya Kila Kitu Chunguni

Supu ikipooza, mkono wa mpishi hukimbilia kopo la viungo. Inaongezwa bizari, kinafuata kidonge cha mchuzi, kisha chumvi, kisha kidonge cha pili, na mwishowe mezani huletwa maji ya chumvi yenye rangi. Nimeonja supu nyingi za namna hiyo, majumbani na migahawani, na karibu kila mara hakuna kilichokosekana. Nyama ilikuwamo, vitunguu, nyanya na ndimu vilikuwamo. Vilitiwa chunguni kwa zamu isiyo yake.

Wapishi hodari wa supu duniani wanatofautiana kwa mengi, lakini mahali popote pale, Moshi, Fez au Port-au-Prince, wanajua kipi kitangulie na kipi kisubiri. Ukishaelewa sababu ya zamu hizo, utapika supu ya nchi usiyowahi kufika na itakubali. Nitaeleza zamu zile ambazo naona zina uzito zaidi, pamoja na vitafunio vya kuandamana na supu.

Mfupa ndio wa kwanza. Supu ya ng'ombe, ya mbuzi au ya makongoro huanza kwa maji baridi. Maji yanapopata moto taratibu, damu na utando wa nyama hutoka kidogokidogo, hushikana na kupanda juu kama povu la kijivu. Povu hilo unaliengua kwa upawa mpaka likome. Ukitumbukiza nyama katika maji yanayochemka, taka hizo hutawanyika vipande vidogo vidogo visivyoenguka na supu yote huwa na ukungu. Povu likiisha, punguza moto mpaka juu ya maji paonekane viputo vichache tu vinavyopanda hapa na pale. Moto mkali hulipiga futa likachanganyika na maji, na supu ikabaki nzito ulimini bila utamu wowote. Tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga viingie baada ya kuengua povu. Vikitangulia, nusu yake utaitupa pamoja na povu.

Uchaguzi wa nyama nao una neno. Wengi huenda buchani kuomba steki ya supu, na huko ni kupoteza fedha. Nyama ya steki hukauka kama kamba ikichemshwa muda mrefu, na haitoi kitu ndani ya maji. Supu inataka sehemu za mnyama zilizofanya kazi: shingo, mkia, miguu, kichwa. Huko ndiko kwenye kano na gegedu, na hizo zikikaa saa kadhaa katika moto mdogo huyeyuka na kuwa jelatini. Jelatini ndiyo inayoipa supu ule uzito unaonatisha midomo. Ukitaka kujua kama supu yako ya makongoro imeiva sawasawa, weka bakuli moja kwenye friji. Ikiganda, umefanikiwa. Ikibaki maji, bado ilihitaji muda au ilizidishwa maji. Mwambie muuza nyama akuchanganyie kongoro moja na mifupa yenye uboho na kipande cha shingo. Gharama ni ndogo kuliko kilo ya steki na supu haifanani kabisa.

Kuhusu muda, mbuzi hutaka saa moja na nusu hadi mbili, na akiwa mzee zaidi ya hapo. Makongoro ni saa nne hadi tano kwa moto mdogo, au kama saa moja na nusu kwenye sufuria ya presha. Kuku wa kienyeji huchukua saa moja na nusu au zaidi, ilhali kuku wa kisasa huiva kwa dakika 40 na akizidishwa huwa pamba. Kichwa cha samaki kisizidi dakika 25. Wapo wanaodhani supu ya samaki hunoga kadiri inavyochemka, kumbe baada ya hapo harufu nzuri imeshaondoka na mifupa inaanza kuacha ladha ya chokaa.

Chumvi igawe mara mbili. Tia nusu supu inapofika katikati ya safari, nusu nyingine malizia kwa kuonja kabla ya kuepua, kwa sababu maji yanapungua na chumvi haipungui. Ikishazidi, kile kiazi ambacho watu hutumbukiza ili "kivute chumvi" hakisaidii sana. Kinanyonya maji ya chumvi sawa na yale yaliyobaki sufuriani. Dawa ni kuongeza maji ya moto au mboga zisizo na chumvi.

Katika supu zote za mifupa, ninayoipa heshima kubwa ni mtori wa Wachaga. Ni chakula cha Kilimanjaro ambacho mama aliyejifungua hupewa ili apate nguvu, na hupendwa pia na mgonjwa asiyetaka kutafuna. Zamu zake ziko wazi. Nyama yenye mfupa huchemshwa peke yake hadi ilainike. Ndizi, hasa mshare, humenywa zikiwa mbichi kabisa na kutumbukizwa katika maji ili zisiwe nyeusi; paka mafuta mikononi kabla ya kumenya, utomvu usikushike. Nyama ikiwa tayari iopoe, chemsha ndizi katika supu ile ile pamoja na kitunguu na karoti, kisha ziponde kwa mwiko zikiwa za moto. Nyama iliyonyambuliwa inarudi mwisho, na kipande kidogo cha siagi. Kwa kilo moja ya nyama yenye mfupa, ndizi nane hadi kumi zinatosha. Usiupeleke mtori kwenye mashine ya kusagia ukawa kama uji wa mtoto. Uache na chembechembe zake.

Sasa vitunguu. Sisi tuna kawaida ya kuunga: mafuta yapate moto, kitunguu kiingie, dakika tatu nyanya iko juu yake. Kitunguu kilichofanyiwa hivyo bado kina ukali, na nyanya ikishaingia hakilainiki tena upesi kwa sababu ya uchachu wake. Wahabeshi wanaopika misir wot, mchuzi mzito wa adesi, hufanya jambo linalomshangaza mgeni. Vitunguu vingi vilivyokatwa vidogo sana huwekwa sufuriani bila mafuta, kwa moto mdogo, vikikorogwa na kunyunyiziwa maji kidogo vinapotaka kushika. Vikishapoteza maji yake na kuwa laini kama rojo, ndipo huingia siagi yenye viungo na berbere, ule mchanganyiko wao wa pilipili. Hapo kitunguu hakionekani tena. Kimekuwa ndio uzito wa mchuzi. Wafaransa nao, kwa ile supu yao ya vitunguu yenye mkate na jibini juu, hukaa na vitunguu jikoni dakika 45 au zaidi mpaka viwe rangi ya kahawia. Huhitaji kufika huko kila siku. Lakini kitunguu chako ukikipa dakika 15 badala ya tatu, familia itauliza umebadilisha nini.

Kwa anayetaka kuanza leo na hana nyama wala saa nyingi, supu ya adesi ndiyo mlango. Nazungumzia adesi nyekundu zilizokobolewa, ndugu wa zile ambazo Kenya huitwa kamande. Kuanzia Misri hadi Ghuba ni supu ya nyumbani, ya futari na ya siku za baridi. Hazilowekwi. Chukua kikombe kimoja, osha mpaka maji yawe meupe, tia vikombe vitano vya maji, kitunguu, karoti moja, kitunguu saumu na nusu kijiko cha manjano. Kwa dakika 25 zimekwisha kujiponda zenyewe. Pembeni, kaanga bizari nyembamba kijiko kimoja cha chai katika mafuta na kitunguu kingine kilichokatwa vipande vyembamba, hadi kitunguu kiwe cha kahawia na jiko lote linukie. Mimina juu ya supu mwisho kabisa. Bizari ikichemshwa tangu mwanzo hufifia, na ikikaangwa ikamiminwa mwisho inasikika katika kila kijiko. Hii inawatosha watu wanne, na kila mmoja ajikamulie ndimu yake.

Harira ya Morocco ni dada mkubwa wa hiyo adesi. Mwezi wa Ramadhani nyumba nyingi za huko hufuturu kwa harira na tende. Ndani yake kuna dengu zilizolowekwa usiku kucha, adesi, nyama kidogo iliyokatwa vipande vidogo, nyanya, seleri, kotimiri nyingi na vijiti vya tambi. Mpishi akishaona kila kitu kimeiva, hukoroga unga wa ngano katika maji baridi na kuumimina kidogokidogo huku akikoroga, supu ikawa laini na nzito. Ukipika harira, dengu na nyama viende kwanza vikalainike, nyanya zifuate. Kanuni hii ina faida hata kwa maharage yetu ya kila siku. Kitu kichachu, iwe nyanya, ndimu au ukwaju, huzuia ganda la maharage kulainika. Kinachosingiziwa ni chumvi. Mwenye kosa ni nyanya iliyowahi. Magadi ni kinyume chake, yanalainisha upesi, ila yakizidi huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni, kwa hiyo ncha ya kijiko yatosha.

Na hapa naomba niwe mkali. Maharage mekundu yana sumu ya asili inayoondoka kwa kuchemshwa kwa nguvu. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, kisha yachemke kwa moto mkali angalau dakika kumi kabla ya kupunguza. Anayeyapika tangu mwanzo kwa chombo cha umeme cha moto mdogo anajitafutia matapishi na tumbo la kuhara, hata kama yamelainika.

Zipo supu ambazo zimebeba zaidi ya shibe. Wahaiti husimulia kwamba zama za utumwa chini ya Ufaransa, wazee wao walipika supu ya maboga kwa mabwana, wao wenyewe wakikatazwa kuigusa. Tarehe 1 Januari 1804 Haiti ikatangaza uhuru, na tangu hapo kila tarehe mosi Januari watu hunywa soup joumou, tajiri kwa maskini. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Nyama ya ng'ombe hulazwa katika ndimu na majani ya viungo, boga huchemshwa na kupondwa liwe ndio mchuzi, kisha huingia kabichi, karoti, viazi na makaroni. Pilipili mbuzi huwekwa nzima, na hapo mpishi wa pwani yetu atatabasamu, maana ndivyo bibi zetu walivyofanya. Isipasuke! Ikibaki nzima hutoa harufu yake tamu na kuacha ukali wake kando. Iongezwe mwisho, katika dakika 20 za mwisho, na itolewe kabla hujaanza kukoroga kwa nguvu.

Tui la nazi lina zamu mbili, na mtu wa Tanga au Lamu halihitaji somo hilo. Nawaandikia waliozoea la kopo. Nazi iliyokunwa hukamuliwa kwanza kwa maji machache, ukapata tui zito, kisha hukamuliwa tena ukapata jepesi. Jepesi ndilo la kupikia viazi, samaki au mboga hadi viive. Zito huingia mwishoni, moto mdogo, bila kufunika, ukikoroga upande mmoja mpaka litokote kidogo, basi. Likichemka kwa nguvu hukatika, mafuta yakaenda upande wake na maji upande wake. Wathai na tom kha yao, supu ya kuku yenye tui, mchaichai na mizizi ya jamii ya tangawizi, hufuata hadhari hiyo hiyo, na ndimu wanaitia baada ya kuepua.

Karanga zinakwenda kinyume kabisa. Ukipika mafé, mchuzi wa karanga wa Mali na Senegal, unakaanga kitunguu na nyama, unatia nyanya ya kopo, kisha karanga zilizosagwa zilizokorogwa katika maji ya moto. Hapo usiwe na haraka. Moto uwe mdogo, mwiko upite chini mara kwa mara kwa sababu karanga hushika, na usubiri mpaka mafuta mekundu yajitenge na kuelea. Mafuta yakiogelea juu ya karanga, chakula kimeiva. Kabla ya hapo karanga bado ni mbichi na tumbo litakuambia. Kwa hiyo dalili moja, mafuta kujitenga, ni hasara kwa supu ya tui na ni heri kwa mchuzi wa karanga.

Wagiriki wana namna ya kuifanya supu ya kuku kuwa nzito bila nazi wala unga, nayo huitwa avgolemono. Supu ya kuku yenye mchele ikishaiva, mayai mawili au matatu hupigwa na maji ya limau, kisha upawa wa supu ya moto humiminwa ndani ya mayai polepole huku ukipiga bila kuacha. Mayai yakishazoea joto ndipo yote hurudishwa sufuriani, moto ukiwa umezimwa. Ukiyatumbukiza moja kwa moja, unapata kuku na mayai ya kuvuruga.

Uchachu, kama ulivyoona, kwa kawaida huja mwisho. Tofauti ninayoijua na kuipenda ni borscht ya Ukraine, supu ya bitiruti, ambayo upishi wake uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka mwaka 2022, nchi ikiwa vitani. Huko siki au nyanya huwekwa mapema pamoja na bitiruti, kwa sababu uchachu hushika ile rangi nyekundu isigeuke kahawia.

Kutoka hapo ni hatua moja hadi vitafunio, na urojo wa Unguja ndio daraja, kwa kuwa ndani yake vitafunio na supu ni kitu kimoja. Mchuzi wake wa manjano, uliotiwa unga kidogo na kuchachushwa kwa embe bichi au ndimu, hupikwa mwepesi makusudi. Viazi, bajia, kachori, mishkaki, chatne ya nazi na chipsi nyembamba za muhogo huwekwa bakulini mlaji akiwa amesimama anasubiri. Ukivitia mapema vyote hulowana na ukakosa ule mgongano wa laini na kikavu ambao ndio uhai wa urojo. Hivyo ukimwalika mtu, andaa kila kitu mbalimbali, changanya mbele yake.

Bajia za kunde zinastahili kazi yake. Loweka kunde usiku, zisugue kwa mikono maganda yaelee na kumwagwa, saga kwa maji machache kabisa. Kisha upige unga ule kwa mwiko au mkono dakika kadhaa mpaka ujae hewa. Dondosha tone katika kikombe cha maji, likielea, tayari. Hapo tia kitunguu, pilipili na chumvi, ukaange mara moja. Wanaijeria hufanya hivyo hivyo kwa akara, na wanawake wa Bahia, Brazil, kwa acarajé wanayoikaanga katika mawese, ufundi uliovuka bahari pamoja na watumwa kutoka Afrika Magharibi. Falafel ya Waarabu nayo, ukitumia dengu, ziwe zimelowekwa tu bila kuchemshwa. Dengu zilizochemshwa hupasuka na kusambaa ndani ya karai, na watu wakayalaumu mafuta.

Mafuta yenyewe yajaribu kwa punje ya unga. Ikizama ikakaa, bado ni baridi na bajia zitayanywa. Ikiibuka mara moja na viputo, anza. Ikiungua papo hapo, punguza moto. Usijaze karai, bajia nyingi kwa mpigo hushusha joto.

Lililobaki ni kuhifadhi, na ndilo linaloumiza familia nyingi. Supu isilale juu ya jiko. Igawe katika vyombo vipana au uiweke sufuria ndani ya beseni la maji baridi ipoe upesi, na ndani ya saa mbili iwe frijini. Supu ya mifupa na ya adesi hukaa siku tatu, ya tui ile siku inayofuata tu. Kwenye friza, supu ya mifupa hudumu miezi, kwa hiyo pika chungu kikubwa mara moja ukagandishe sehemu. Asiye na friji apike ya kumaliza siku hiyo. Kuchemsha tena supu iliyolala nje si kinga kamili, kwani baadhi ya vijidudu huacha sumu ambayo moto hauiondoi. Iliyotoka frijini ichemke mpaka itokote katikati ya sufuria, siyo pembeni tu, halafu onja chumvi upya kabla ya kupakua, na majani ya kotimiri yakatwe wakati huo, siyo jana.